Tai ya Kauli Moja

Msiponiamini shauri yenu: tai ya bosi wetu, tuliyemwita Kauli Moja, ilinaswa na mashine ya uchapaji alipoinama kukagua kazi. Kitufe cha kuizima mashine kilikuwa chini ya kidole changu.

Lakini miaka tisa alitukaririsha, "Mashine haizimwi mpaka niseme mimi!" Aliyewahi kuizima ili kuokoa mkono wa mwenzake alifukuzwa siku hiyohiyo.

Tai ya vidoti vya njano ikazidi kumezwa, kidoti kwa kidoti.

"Tuzime, bosi?" nikauliza kwa adabu.

Akakodoa macho, koo limekabwa, sauti haitoki.

"Hajasema," akanong'ona fundi mwenzangu. "Utatuponza, ndugu yangu."

Kidole sikukiondoa kwenye kitufe. Vilibaki vidoti vitatu.

Nikamwinamia sikioni, nikauliza tena.