Migongo Kumi na Tisa

Masika alikuwa ameshauzunguka ukumbi mara tatu, na migongo yote kumi na tisa ilikuwa bado migongo.

Mwanamke anaosha vyombo. Mwanamke anamenya viazi. Mwanamke anakoroga sufuria. Katika kila picha kitenge kilekile cha njano, kilemba kilekile, uso umegeukia ukutani. Chini ya kila moja, kibao chenye jina la mchoraji: Wouter Haverman. Zilikutwa zimerundikwa nyumbani kwa Mholanzi huyo kule Observatory, hazina sahihi, alipofariki mwaka 2017. Wakazileta hapa Braamfontein, jijini Johannesburg, watu wazione. Kesho zingefungwa masandukuni, zipelekwe Uholanzi.

"Dada, unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema Pacifique, mlinzi wa ukumbi, Mkongo mwenzake. "Umepoteza nini?"

"Uso wa mama yangu. Alimfanyia kazi huyu muzee miaka ishirini."

Picha pekee ya Mama Orpha iliungua pamoja na chumba chao cha Yeoville. Baadaye akaugua, na kitandani akamwambia bintiye, "Usiililie picha. Kwa Mholanzi nimo. Nenda ukanitazame." Sasa ilikuwa miezi minane tangu wamzike, na Masika alikuwa ameanza kusahau pua yake ilikuwaje.

"Pole, dada. Lakini hawa wote wametupa mgongo."

"Tena mgongo wenyewe si wake! Ona mabega, kama ya mbeba magunia. Na kilemba? Mama alifunga fundo mbele, siyo kisogoni. Miaka ishirini huyu muzee hakujua hata kumtazama mtu! Alichojua ni kumwoshesha brashi. Kila jioni Mama alirudi na rangi kwenye kucha."

Pacifique alitazama saa. "Eish, dakika tano tunafunga." Kisha akashusha sauti. "Juzi mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi wake kwamba Waholanzi wa zamani walikuwa wajanja. Mchoraji alijichora mwenyewe, mdogo sana, ndani ya chombo kinachong'aa. Kuna birika kwenye ile ya mwisho."

"Basi ngoja nionane naye uso kwa uso. Nina neno la kumwambia."

Mwanamke wa kitenge alisimama mbele ya jiko, na juu ya jiko palikuwa na birika la shaba. Masika alisogea mpaka pumzi yake ikaigusa picha. Pacifique alipaswa kumrudisha nyuma, lakini akageukia mlangoni.

Ndani ya shaba, chini ya kilemba, mlikuwa na ndevu nyeupe na miwani ya mzee wa Kizungu anayejizuia kucheka. Na nyuma yake, mdogo kama punje ya mchele, uso wote ukitazama mbele, alisimama Mama, fundo la kilemba kwenye paji, brashi mkononi, akichora.