Benchi la Mbele

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo ya Jumapili, Serafina aliinama juu ya mdomo wa duara, shimo la wachimbaji, akaita. Mkononi alishika shati jeupe la kiume, limepigwa pasi, na vumbi la machimbo lilishaanza kulibadili rangi kabla halijavaliwa.

"Onesmo! Kengele imeshagongwa mara mbili."

"Yuko chini kabisa, shemeji," akajibu mchimbaji aliyekuwa akivuta kamba. "Anasema utangulie, umwombee."

Serafina akalikunja shati kwa hasira. Miaka mitano ya kumwombea. Miaka mitano ya kuambiwa wiki ijayo. Pale kambini alishawaleta kanisani wavuta kamba, wacheza kamari, hata Paskalia aliyekuwa akipika gongo. Lakini mtu anayelala naye kitanda kimoja alikuwa amemshinda, na hilo lilimchoma. Alitaka ndoa ya kanisani. Alitaka jina lake lisomwe mbele za watu. Yote hayo yalikwama ndani ya lile shimo.

Jioni akamkabili. "Unaogopa nini mle kanisani?"

Onesmo alikuwa akifunga kifurushi cha kupeleka kwao Didia, kama kila mwezi: sukari, sabuni, madaftari. "Nikiokoka nitatakiwa nitengeneze mambo yangu."

"Si ndicho ninachokililia? Tengeneza."

"Utakuja kujuta, Serafina."

"Nijute kwa kupata mume mlokole?" Akasonya.

Akazidi kumbana. Akagoma kumpikia siku za Jumapili. Akaleta wanakwaya wakaimba mlangoni mpaka majirani wakalalamika. Mwezi Agosti, mwaka 1996, Onesmo akachoka, au akaguswa, akaenda mwenyewe kwa Mchungaji Theonest. Siku tatu mfululizo alirudi na macho mekundu, hali chakula, akimtazama Serafina kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Serafina hakumuuliza. Aliogopa asije akabadili nia.

Jumamosi Mchungaji akaja mwenyewe. "Mama, nina neno nawe kabla ya kesho."

"Baada ya ibada, Mchungaji. Leo nina mchele wa kuchambua, kesho kambi nzima inakuja kula."

"Ni neno zito."

"Na mchele ni mzito, kilo ishirini." Akacheka peke yake.

Jumapili aliwahi kanisani kupanga mabenchi. Nyuma kabisa alimkuta mwanamke mgeni, miguu imejaa vumbi la safari, na binti wa miaka saba hivi amemlalia mapajani.

"Karibu sana, dada. Njoo ukae mbele na sisi. Hapa hakuna mgeni."

"Ahsante. Nitakaa hapa hapa mpaka niitwe."

Serafina alichoka. Hata waliokwisha kuingia ndani nao wanataka kubembelezwa. Akamwacha, akaenda kukaa benchi lake la mbele.

Wakati wa ushuhuda Onesmo akasimama, shati jeupe mwilini.

"Nimeokoka," akasema. Vigelegele vikalipuka, cha Serafina kikiwa cha kwanza. Onesmo akangoja vitulie. "Nimemkosea mke wangu miaka mingi. Naomba aje hapa mbele, nimwombe msamaha mbele yenu."

Serafina alishasimama. Alikwenda huku machozi yanamtiririka, mikono ameinyoosha. Mchungaji alimtikisia kichwa, lakini Serafina hakumwona. Zilibaki hatua mbili tu alipotambua kwamba Onesmo hamtazami yeye. Alikuwa akitazama juu ya bega lake, kule nyuma.

"Mama Limi," Onesmo akaita.

Nyuma ya Serafina ikaja sauti ya upole.

"Nipishe kidogo, dada. Nimeitwa."