Kifungu cha Kwanza cha Piny Manyien

Mwezi wa tatu wa uhuru, Rais Nicanor aliamka akakuta mlango wa Ikulu umegeuzwa. Alipolala ulitazama vilima vya Gwassi. Asubuhi ulitazama maji matupu. Aliwaita raia wote, kumi na mmoja kwa jumla, akauliza ni nani aliyethubutu kuizungusha nyumba ya Rais. Basi akatangaza kwamba ni jaribio la mapinduzi, akamvua Robi uwaziri wa ulinzi kwa siku mbili.

Ndivyo lilivyokuwa taifa lenyewe. Mtu mzima, mwenye ndevu, anatawala watu wanaotosha mtumbwi mmoja na anataka kuitwa Mtukufu.

Asili yake haikuwa ya kujivunia pia. Nicanor alikuwa mchimba dhahabu huko Macalder. Ndugu zake wa Rangwe walimfukuza kwenye shamba la baba yao, wakamwambia mbele ya mkewe Phelesia, "Nyinyi mtazikwa barabarani." Kwa Mjaluo hakuna tusi linalozidi hilo, na Phelesia ndiye lililomchoma zaidi.

"Sitaki nyumba ya mabati," alimwambia mumewe. "Nataka tu mahali petu, nikifa nizikwe hapo."

Januari 1995, Nicanor akakusanya wachimbaji wenzake, watu wa mashimo ambao hata kuogelea hawakujua, wakamlipa mvuvi aitwaye Job awapeleke kwenye kisiwa kisicho na mwenyewe. Job aliwashusha penye mafunjo mengi, akawatazama.

"Mzee, mmebeba kamba?"

"Kamba ya nini?"

"Haya basi. Mungu awasaidie," Job akasema, akaondoka akicheka peke yake.

Nchi ikaitwa Piny Manyien, yaani nchi mpya, na katiba ikakamilika kabla ya chakula cha mchana. Kifungu cha Kwanza: ni marufuku kwa raia yeyote kuchimba ardhi ya Taifa. Nicanor aliwajua wenzake vizuri, na dhahabu ya chini, kama ilikuwepo, aliitaka yeye. Hata choo hakikuchimbwa, ziwa lilitosha. Vibanda vilifungwa kwenye mafunjo, mlingoti wa bendera ukafungwa kwenye Ikulu, na wachimbaji hodari wa Macalder wakakaa mwaka mzima wakipika pombe ya chang'aa ya kuwauzia wavuvi.

Mwezi wa sita polisi walitumwa kwa boti kuja kuwakamata. Walizunguka ziwani siku mbili, wakarudi Homa Bay wakasema nchi hiyo haipo. Nicanor aliposikia alihutubia saa nzima juu ya ushindi huo wa kidiplomasia. Na wale wapumbavu wakampigia makofi.

Job ndiye aliyewaletea unga kila wiki, na kila wiki alinung'unika.

"Jana nimewatafuta siku mzima, mzee. Unga imelowa."

"Hamjui njia," Rais alimjibu. "Wakenya hamkusoma jiografia."

Desemba, Phelesia akashikwa na homa kali. Job alijitolea kumpeleka hospitalini, bure. Nicanor akakataa katakata: mke wa Rais hawezi kwenda kuomba dawa nchi za nje. Ukitaka kuona mwisho wa akili ya mwanamume, mpe bendera. Mama wa watu akahema siku nne juu ya mkeka kwa sababu ya kitambaa. Siku ya nne akamshika mumewe mkono.

"Baba Adhiambo, utanizika hapa kwetu? Si barabarani?"

"Hapa kwetu," Nicanor akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa akihutubia. Alikuwa akilia. "Ndugu zangu watasikia."

Phelesia alifariki mchana huo.

Asubuhi iliyofuata Kifungu cha Kwanza kikafutwa. Rais alichagua mahali pa kaburi, kushoto kwa mlango kama desturi inavyotaka, akamkabidhi Robi jembe. Huyu Robi aliwahi kushuka futi sitini kwenye mwamba wa Macalder. Raia wakavua kofia. Job naye alikuja, akasimama kando bila kucheka.

Udongo ulikuwa mwembamba, kisha ikawa mizizi tupu. Shimo lilipofika magotini jembe likapenya, likamponyoka Robi, likatoweka. Maji meusi yakapanda, na samaki mdogo, ngege, akaogelea kutoka ukuta mmoja wa kaburi akapita chini ya ule mwingine.

"Endelea," Rais akaamuru.

Robi akafungua mlingoti wa bendera, akautumbukiza shimoni. Ulishuka wote, futi ishirini, mpaka bendera ikalowa na mkono wake ukazama hadi begani, wala mlingoti haukugusa sakafu ya ziwa.