Kifuniko cha Kalamu

Kwa mujibu wa mkataba wa serikali ya mseto, Waziri Mkuu Tamimu alipaswa kukikabidhi kiti chake saa sita kamili kwa Bi Zamoyoni, Waziri wa Fedha na kiongozi wa chama cha pili. Zilipobaki dakika tano, muswada wa hospitali ya uzazi, alioupigania kwa miaka miwili, ulikuwa bado unasubiri saini ya Bi Zamoyoni, ndipo Waziri Mkuu atie yake.

Mbele ya baraza la mawaziri, Tamimu alifungua kalamu yake ya wino, akamnyooshea.

"Tia saini, dada yangu. Tumeupitia mara tisa."

"Mheshimiwa, ukurasa wa nne sijauelewa vizuri."

"Ukurasa wa nne uliuandika wewe!"

Mawaziri wakacheka. Bi Zamoyoni akaipokea kalamu, akaukodolea macho ukurasa ule mpaka kengele ya mnara ikalia saa sita. Ndipo akaketi katika kiti cha Tamimu, akatia saini mara mbili: kwanza kama Waziri wa Fedha, kisha kama Waziri Mkuu.

"Sasa nimeuelewa," alisema. "Waiteni wapiga picha."

Tamimu alikuwa akishuka ngazi alipogundua kwamba kifuniko cha kalamu bado kimo kiganjani mwake. Alisimama, akiukunja na kuukunjua mkono, huku wapiga picha wakimpita mbio kwenda juu.