Taa ya Flashi

Siku hizi marehemu hukaa siku tatu kwenye kompyuta ya mtaa, kisha hufutwa. Ukimtaka wako, unamnakili kwenye flashi.

Siku ya tatu nilimnakili mama. Skrini iliandika "tayari" upesi, lakini taa ya flashi iliendelea kuwaka na kuzima.

"Chomoa, mwanangu, wenzio wanangoja," alisema shangazi Mwanaidi.

"Bado anaandikwa, shangazi. Taa hiyo."

"Wewe na skrini, nani anajua zaidi?"

Niliona haya kubishana. Nikachomoa.

Nyumbani tulimwasha mezani. Mama akatuita kula kama zamani, kuanzia mkubwa: Salha, Mbaruku, Mwatumu. Mimi, kitindamimba, nikasogeza sahani yangu nikisubiri. Baada ya Mwatumu, mama akaanza tena kwa Salha.