Magurudumu ya Nyuma

Shaibu, fundi wa magari na mdogo wake Tunu, ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari la dada yake, lile ambalo magurudumu yake ya nyuma nayo hukata kona ili lisiyumbe. Leo, kwenye utelezi, mkia wa gari ulimponyoka Tunu akatumbukia mtaroni.

"Mama, mtambo wa kukatisha magurudumu ya nyuma umeng'olewa," alisema fundi mwingine akitoka uvunguni. "Wamechomelea chuma tu mahali pake."

Shaibu akaja kumchukua na gari lake la aina ileile, ambalo mtambo wake wa nyuma ulikuwa mbovu miaka yote. Akaligeuza barabarani kwa mkupuo mmoja, magurudumu ya nyuma yakikata kinyume na ya mbele.

"Pole, dada. Panda twende."

"Gari lako limeanza lini kukata nyuma, Shaibu?"

Tunu alisimama mvuani, mkono kwenye kitasa, asifungue mlango.