Oili Ndani ya Silinda

Zainamu alikishikilia mezani kigari cha rimoti cha mumewe, chenye injini ndogo ya mafuta, huku shemeji yake, Shekue, akifungua plagi ya injini. Wiki nzima ilikuwa imepita tangu mume huyo aage kwamba anakwenda kukinunulia mafuta, anarudi sasa hivi.

"Kama alikusudia kurudi siku ileile, ndani tutakuta kutu," alisema Shekue. "Anayerudi leo hahangaiki kuisafisha injini, na mafuta yakibaki humo hula chuma."

Plagi ilitoka. Silinda ilikuwa imejaa oili safi, na ekzosi imezibwa kwa kitambaa.

"Injini huhifadhiwa hivi ikiwa itakaa sana bila kuwashwa, shemeji," alisema Shekue.

"Na anayeihifadhi hivi, si anataka kuja kuiwasha tena?"

Shekue alifuta spana. Zainamu aliirudisha plagi mwenyewe, akaikaza taratibu kwa vidole, oili ikimchuruzika kiganjani.